Bi Tumu na Tai wa Plastiki

Mwaka aliofika Johannesburg, Bi Tumu Mbwana alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mume mmoja na masanduku mawili. Mume akaondoka mwaka wa pili na sanduku moja. Bi Tumu hakumlilia. Alisema tu kwamba mtu yule hata kuondoka hakujua, maana alichukua sanduku la mashuka akaacha lenye viatu vyake.

Sasa ana miaka hamsini na mmoja. Anaishi Bellevue, katika nyumba kuukuu ya matofali iliyokatwakatwa kwa mbao ikawa vyumba saba, nami nimepanga chumba kinachopakana na chake. Mimi ni fundi cherehani, kutwa nipo nyumbani, kwa hiyo habari zake nyingi nilizisikia mimi kwanza, yeye akiwa bado hajavua viatu vya kazi.

Kazi yake ni kufukuza ndege kwenye kiwanja cha ndege. Mtu akisikia hivyo hucheka. Bi Tumu humtazama mpaka kicheko kimwishie mdomoni, kisha humweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: ndege huyu mwenye manyoya akiingia kwenye injini ya ndege ile yenye abiria, wote wanashuka pamoja, na hawashuki kwa ngazi.

Hakusomea kazi hiyo. Alianza kama mfagizi katika kiwanja kidogo cha watu binafsi upande wa Midrand, mahali ambapo wenye ndege zao huziegesha kama sisi wengine tunavyoegesha baiskeli. Siku moja ndege ilitua ikiwa na damu kwenye bawa, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuishika, wakamwita yeye na ndoo yake. Akakwangua. Kabla ya kutupa yale manyoya aliyatazama, akauliza ni ndege gani huyu. Hakuna aliyejua. Marubani wanne walisimama pale, na wote wanne wakasema ni ndege tu. Bi Tumu alishangaa kwamba watu wanaweza kupigana na adui kila siku wasijue hata jina lake. Tangu siku hiyo kila alichokikwangua alikitunza kwenye bahasha, akakilinganisha na picha za kitabu alichokipata sokoni, na baada ya miaka mitatu alikuwa akitazama unyoya mmoja tu anakwambia huyu ni yangeyange, huyu ni mwewe, huyu ni bata bukini, na alikuwa anatoka wapi kwenda wapi.

Mzee aliyekuwa na kazi ya kufukuza ndege alipostaafu, kazi ambayo kwa sehemu kubwa aliifanya akiwa amelala ndani ya pikapu, walimpa Bi Tumu. Akapewa pikapu yenyewe, redio ya kuzungumza na marubani na bastola ya fataki. Hakuipenda sana ile bastola. Alisema fataki ni za watu wavivu. Yeye alitazama chini. Ndege hawaji kwa ajili yetu, aliniambia, wanakuja kula. Kwa hiyo alipigania majani ya pembeni mwa njia ya kurukia yasikatwe, yafike karibu na magoti, maana yangeyange na bukini hawapendi kutua mahali wasipoweza kuona adui, na wadudu waliofichika ndani ya majani marefu hawawapati kwa urahisi. Ukiyakata mafupi umewaandalia karamu. Kwa miaka sita majani yalikuwa marefu, na kwa miaka sita ndege hakugongana na ndege zaidi ya mara mbili, mbayuwayu wote wawili, wadogo kama kidole gumba.

Ndipo akaja Deon.

Deon aliletwa kuwa meneja kutoka kwenye duka kubwa la samani, na kwa muda wote aliokaa pale hakuacha kukiona kile kiwanja kama duka la samani. Alipaka rangi kuta. Aliweka vyungu vya maua mlangoni. Alimwambia Bi Tumu kwamba majani marefu yanaonyesha uzembe, na kwamba wateja wanaotaka kuegesha ndege zao hupenda kuona kitu kama kapeti. Bi Tumu akamjibu kwamba kapeti hulaliwa na paka, na paka hawajawahi kuangusha ndege. Kisha akamwandikia ripoti ya Kiingereza yenye kurasa tatu kueleza habari za majani. Deon aliitia kwenye droo. Zilizofuata, zote kumi na moja, zilikwenda kulekule.

Badala ya kusoma ripoti, Deon alitafuta mtaalamu. Mtaalamu huyo alikuwa André.

André ni mtu wa Lubumbashi. Wengi wetu tulimjua tangu alipokuwa akitengeneza mageti ya umeme pale Malvern, kwenye Jules Street, na mageti yake yalijulikana kwa kufunguka yenyewe mvua ikinyesha. Baadaye akachapisha kadi zilizomwita mshauri wa usalama wa anga. Alikuja Midrand amevaa suti ya kijivu, akiwa na tai wanane wa plastiki wanaotingisha vichwa kwa betri, na kipaza sauti kinachotoa mlio wa tai kila baada ya dakika tano. Alimkuta Bi Tumu uwanjani, na kwa kuwa wote wawili ni watu wa Kiswahili akaona amepata rafiki.

"Maman Tumu," alimwambia, "hawa ndeke iko na akili kidogo tu. Wakiona tai, wote watakimbia."

Bi Tumu alimzunguka yule tai wa kwanza, akamgonga mgongoni kwa kucha.

"Huyu anakula nini?" akauliza.

"Hakuli kitu. Ni plastiki."

"Basi na ndege watajua hivyohivyo. Wape siku tatu."

Akakosea kidogo. Zilikuwa siku nne. Siku ya kwanza kunguru walitawanyika, na Deon akampigia makofi André mbele ya wafanyakazi wote. Siku ya nne kunguru wawili walikaa juu ya tai nambari tatu, wakawa wanapanda na kushuka naye kila alipotingisha kichwa, kama watu waliopanda farasi. Kipaza sauti kiliendelea kulia. Mwisho wa wiki, bukini alikuwa amelala kwenye kivuli chake.

Bi Tumu aliandika yote hayo. Ripoti za Kiingereza aliendelea kuzipeleka kwenye ile droo kwa sababu ndiyo kanuni, lakini kila jioni kabla ya kutoka aliandika pia kwenye daftari la shule, kwa Kiswahili, kwa ajili yake mwenyewe. Aliniambia Kiingereza ni cha kumweleza bosi, lakini mtu akitaka kusema kweli yote bila kuomba radhi anahitaji lugha ambayo bosi haijui.

Katikati ya Novemba Deon aliandaa maonyesho. Wageni wangekuja Jumamosi kuona kiwanja, kunywa divai chini ya mahema meupe, na kurushwa angani kwa dakika kumi. Siku ya Jumatano akaleta mashine nne za kukata majani. Bi Tumu alisimama mbele ya ile ya kwanza mpaka Deon mwenyewe akaja kumwondoa. Kufikia Alhamisi jioni pande zote mbili za njia ya kurukia zilikuwa zimenyolewa kama kichwa cha askari, na Deon alipiga picha.

Ijumaa alasiri mvua ya kwanza kubwa ya msimu ikashuka, mvua ya Johannesburg, yenye radi na mawe ya ukubwa wa jicho la ng'ombe, ikapiga saa moja kisha ikaenda zake. Mahema mawili yalitoboka. Deon alihangaikia mahema. Bi Tumu alihangaikia ardhi, maana alijua kilichomo. Mvua kama ile ikifuatwa na asubuhi ya jua kali, kumbikumbi hutoka. Hutoka kwa maelfu kwenye matundu yao, na kila kiumbe chenye mdomo huja kuwala.

Jumamosi jua likawaka tangu saa moja. Saa nne kasoro robo Bi Tumu aliona moshi wa kwanza wa kumbikumbi ukiinuka kutoka kwenye yale majani mafupi, na kabla hajamaliza kushika redio, angani palikuwa pameanza kujaa. Walikuja yangeyange wakatua kwa makundi. Walikuja mbayuwayu. Walikuja mwewe, na wale kozi wadogo wanaohamia huku kila mwaka kutoka kaskazini ya mbali, mia kwa mia, wakizunguka juu ya njia ya kurukia kama vumbi ndani ya kimbunga. Tai wanane wa plastiki walikuwa chini yao, wakitingisha vichwa kukubali.

Alifukuza mara sita, kwa gari na kwa fataki. Kila mara waliinuka, wakafanya mduara, wakarudi. Akamwambia Deon kwenye redio asimamishe safari zote kwa saa mbili, mpaka kumbikumbi waishe. Deon alikuwa amesimama kwenye mahema na wageni sitini, na redio yake ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo wote walisikia. Akamjibu afukuze ndege au aondoke.

Ndege ya kwanza ilikuwa tayari inasogea, ikiendeshwa na Kapteni Mokoena, rubani wa kukodiwa. Bi Tumu akaingiza pikapu katikati ya njia ya kurukia, akaiegesha kwa mapana, akazima injini, akachomoa ufunguo. Mokoena akasimamisha ndege. Deon akaanza kuja kwa miguu, na ni mwendo mrefu kwa mtu aliyevaa viatu vya ngozi laini. Bi Tumu alitumia muda huo kuandika kwenye daftari.

Deon alipofika alisema mengi ambayo sitayarudia. Mwisho akamwambia arudi nyumbani na akae huko. Bi Tumu akamkabidhi ufunguo, pikapu ikaondolewa njiani. Hakubishana tena. Alitembea mpaka getini, mlinzi akaandika kwenye kitabu kwamba ametoka saa nne na dakika ishirini, akavuka barabara kungoja teksi.

Sasa Mokoena, ambaye alikuwa ametazama juu kwa macho yake mwenyewe, alikataa kuruka. Hapo mambo yangeisha vizuri, kama kiwanjani pasingekuwa na Daktari Fourie. Huyo ni daktari wa meno wa Pretoria mwenye ndege yake ya injini moja, mtu wa aina ile ambaye akiona mwenzake mwenye ujuzi anaogopa huhesabu kwamba amempita ushujaa. Akasema atawarusha wageni yeye. Wageni, kwa busara yao, wakarudi nyuma. Ndipo Deon akamwambia André apande, ili watu waone kwamba mwenye tai anawaamini tai wake. André alitazama angani, akatazama sura ya Deon, akatazama sura za watu sitini. Akapanda.

Bi Tumu aliona yote akiwa ng'ambo ya barabara. Ndege iliinuka mpaka urefu wa ghorofa kumi hivi. Kundi la yangeyange likainuka kutoka kwenye majani, jeupe, wote kwa pamoja, na ndege ikaingia katikati yao. Mmoja alipasua kioo cha mbele. Wengine waliingia kwenye propela. Injini ikakohoa, daktari akiwa na damu machoni akajaribu kugeuka, kisha, kwa bahati kuliko kwa ujuzi, akaishusha moja kwa moja mbele yake. Magurudumu yalivunjika. Ndege iliteleza kwa tumbo juu ya kapeti ya Deon mpaka ikasimama karibu na uzio, mita chache kutoka getini.

Mlinzi aliacha geti wazi. Bi Tumu alikuwa wa kwanza kufika. Mafuta yalikuwa yananuka. Alifungua mlango wa upande wa André, akamkuta ananing'inia kwenye mkanda, mkono umevunjika, uso umejaa manyoya meupe, akisema maneno ya sala kwa Kifaransa. Akamfungua, akamburuta mpaka mbali, akarudi kwa daktari. Mokoena alikuwa amefika na wakamtoa pamoja. Haikuwaka moto. Hakuna aliyekufa.

Siku hiyo alirudi Bellevue alasiri, akakaa kwenye kiti changu cha wateja na viatu miguuni. Nilingoja aanze kutukana. Thérèse, anayesuka nywele chumba cha mbele, alimletea chai, naye akaishika mpaka ikapoa. Mwisho akasema tu, "Yule daktari angekuwa na abiria wanne." Akaenda kulala.

Ungedhani baada ya hapo watu wangemshukuru. Wiki ya pili alipata barua ya kikao cha nidhamu. Deon alikuwa ameandika kwamba ajali ilisababishwa na hali ya asili isiyoweza kutabirika, na kwamba mfukuza ndege alikuwa ameacha kituo chake. Ripoti kumi na mbili za Kiingereza hazikuonekana kwenye droo. Deon alisema hajawahi kuziona. Kwa hiyo Bi Tumu akafunga madaftari yake manne kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nayo.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mwanasheria kutoka nje, Bi Khumalo, mama mtu mzima mwenye miwani. Mkalimani waliyemwagiza kuyasoma madaftari, kwa kuwa Bi Tumu hakuruhusiwa kujitafsiria mwenyewe, hakutokea. Deon, aliyekuwa na haraka ya kumaliza, akasema André yupo kama shahidi, naye anajua Kiswahili, asome yeye. Alimwamini mtu wake. Bi Khumalo akamuuliza Bi Tumu kama ana pingamizi.

"Asome," alisema Bi Tumu.

André alianza kusoma mkono ukiwa kwenye bandeji, akitafsiri kwa Kiingereza. Daftari lilisema kwamba tai nambari tatu amekaliwa na kunguru wawili na mmoja amemnyea kichwani. André akatafsiri kwamba tai nambari tatu amevuta macho ya ndege wa eneo hilo. Bi Tumu, ambaye Kiingereza chake hakina kasoro yoyote, akamweleza Bi Khumalo kwamba mkalimani ameruka kinyesi. Bi Khumalo akamtaka André arudie, na kinyesi kiingie kwenye kumbukumbu.

Wakafika tarehe kumi na tano. Iliandikwa: Nimemwambia Deon ndege hawatoki njiani, asimamishe safari. André akamtupia Deon jicho, kisha akatafsiri kwamba siku hiyo ndege za abiria zilichelewa kuondoka.

"Hawatoki, André," alisema Bi Tumu kwa Kiswahili, bila kupaza sauti. "Ha-wa. Zingekuwa za chuma ningeandika hazitoki."

"Kwetu Lubumbashi yote ni ndeke, Maman."

"Nani alikufungua ule mkanda?"

André akarudisha kurasa za daftari mpaka mwanzo. Kisha akasema, kwa Kiingereza, kwamba angependa kuanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, na kwamba mara hii atasoma kilichoandikwa. Akasoma. Akasoma mashine nne za kukata majani. Akasoma mvua, kumbikumbi, mara sita za kufukuza, na jibu la Deon kwenye redio. Akasoma mahali palipoandikwa kwamba yeye André hajui ndege zaidi ya kuku wa kukaanga, na hapo pia hakuruka neno. Mstari wa mwisho, ulioandikwa wakati wa kungoja teksi, ulisema: Nimetumwa nyumbani. Namwachia Mungu na Mokoena. Kitabu cha geti kilipoletwa, saa zote zililingana.

Deon hakufukuzwa. Watu kama Deon hawafukuzwi, huhamishwa. Wenye kiwanja walimpeleka kwenye biashara yao nyingine, ya hoteli, ambako nasikia amepaka rangi kuta. Bi Tumu alirudishwa kazini kwa barua ya kurasa mbili isiyokuwa na neno samahani hata mahali pamoja. Aliisoma akitafuta neno hilo, akaikunja, akaenda kusimamisha mashine za majani.

Daktari Fourie alipopona alimwandikia barua pia, akimwomba aende Pretoria amtengenezee meno bila malipo. Bi Tumu alijibu kwa mstari mmoja kwamba mtu asiyeona yangeyange mia nne mchana kweupe asitazame ndani ya kinywa cha mwenzake.

Kwa André alikuwa na huruma kidogo zaidi, ingawa hakuionyesha kwa maneno. André alikuja Bellevue mwenyewe, bila suti, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akakiri kwamba aliwaamini wale tai. Alidhani kweli wangefanya kazi. Bi Tumu akamwambia hilo ndilo lililomsikitisha kuliko yote, maana tapeli angalau anajua ukweli uko wapi. Kisha akamuuliza kama anaweza kuendesha pikapu kwa mkono mmoja, kwa kuwa msimu wa korongo ulikuwa unakaribia na wamemruhusu kuchukua msaidizi.

André alianza Jumatatu iliyofuata. Wiki ya kwanza Bi Tumu alimpa bahasha sitini za manyoya na kumtaka ataje kila moja ni ya nani. Alipata saba.